Siku Mbili za Kununa

Mume wangu ameendesha malori miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hajawahi kukaa kiti cha abiria. Hata siku ya arusi yetu aliendesha mwenyewe, mimi bibi arusi nimekaa pembeni nimeshikilia shela isinase kwenye gia. Kwa hiyo tulipofika ile nchi ya watu na kukodi gari-nyumba, lile lenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani, nilijua nani atashika usukani. Tulikuwa tunakwenda kwa binti yetu, mwenye mimba ya kwanza. Anaishi chumba kimoja, mumewe yuko kazini mbali, na tulipanga kuegesha nje kwake tumsaidie kulea. Safari yenyewe ni ya siku tatu, nami nikatoa leseni mkobani, nikasema tupokezane. Mwanamume akacheka mbele ya dada wa ofisi ya kukodisha.

"Wewe? Wewe endesha cherehani."

Loh! Mimi ninayesambaza sare za shule kwa pikapu mwaka wa nane huu! Nikanuna. Na mimi nikinuna, nanuna kwelikweli. Nikaapa asisikie neno langu mpaka tufike, nikahamia nyuma kwenye kimeza, nikakipa kisogo kioo cha mbele, nikaanza kupinda vishuka vya mtoto.

Mvua ilianza kabla hatujatoka mjini na haikujua kukatika. Ilitwanga paa usiku na mchana. Vioo vilifuka mvuke, taulo hazikauki, soksi zake zinanuka, na mimi siwezi kukaa. Nashona mishono mitano nainuka, nachungulia, sioni kitu ila maji, narudi kukaa. Nilikikunja na kukikunjua kishuka kimoja mpaka kikachakaa kabla mwenyewe hajazaliwa.

Jioni ya kwanza binti alipiga simu. Mtoto amekaa vibaya tumboni, madaktari wameamua kumpasua Alhamisi, saa mbili asubuhi.

"Mama, naogopa," akasema. "Nikiwaona wewe na baba kabla hawajaniingiza, nitatulia. Mtawahi?"

"Tutawahi, mwanangu."

Baba yake alisikia kila kitu. Akakanyaga mafuta, nami nikarudi kwenye ububu wangu.

Kwa kawaida tukisafiri, mdomo wa gari ni mimi. Kila kibao nakisoma kwa sauti, daraja hilo, kona hiyo, huyo mwenye baiskeli umemwona? Yeye hulalamika kuwa namtoboa masikio. Safari hii ndiye aliyekuwa ananichokoza.

"Mama watoto, pale wameandika nini?"

Nikatunga uzi kwenye sindano.

"Hata kukohoa, jamani?"

Nikakata uzi kwa meno.

Jumatano saa sita mchana tukasimama kujaza mafuta. Nikaingia dukani kununua mkate, na kwa kuwa roho haikutulia, nikamwonyesha muuzaji karatasi yenye jina la mji wa binti yangu. Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kule tulikotoka, kisha akanichorea njia panda tuliyoipita asubuhi. Saa tatu nzima tulikuwa tunamkimbia mtoto wetu!

Nilitoka mle dukani sina habari na mvua wala na kiapo.

"Wee mwanamume! Mtoto anakwenda kupasuliwa, wewe unatutembeza! Kibao cha njia panda kikubwa kama mlango, hukukiona?"

Alikuwa amesimama karibu na pampu, anatazama mbele. "Mvua," akasema.

"Mvua gani?"

Hakujibu. Mume wangu ana majibu ya kila kitu, mpaka ya maswali ambayo hayajaulizwa. Nikasogea polepole ubavuni mwake, nikampungia mkono. Hakugeuka. Nikapunga tena, karibu kabisa na sikio. Alibaki anatazama mbele, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mjinga."

Akajifuta uso. "Mwaka jana. Presha ya macho. La kushoto limekwisha. La kulia naona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Ukiwa unanisomea, naendesha vizuri."

Niliona aibu. Siku mbili nilimnyima macho kwa kiburi changu. Na hasira nazo hazikwenda popote, maana angeweza kutuua, yeye na siri zake. Nikanyoosha kiganja.

"Lete funguo."

Nilitegemea mabishano. Akanipa, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Asijue," akasema. "Si kesho. Ana hofu za kumtosha. Akishajifungua nitamwambia mwenyewe."

Nikakubali.

Gari lile refu lilikuwa linanipeleka linakotaka. Mara mbili nilipanda ukingo wa barabara, vikombe vikaruka jikoni. Yeye kwenye kiti cha abiria hajui mikono aiweke wapi, na kila kona mguu wake unakanyaga breki isiyokuwepo.

"Tulia basi!"

"Nimetulia."

Nilimwona anageuzia uso dirishani, mabega yanamtikisika. Giza lilipoingia tukaegesha tukalala, alfajiri tukaondoka, mvua ile ile.

Hospitali tulifika saa mbili kasoro robo. Niliegesha kwa kukata nafasi za magari matatu, anayetaka kunikamata na aje. Nikamshika kiwiko, tukapita korido kwa mbio za watu wazima. Kwenye mlango wa chumba akautoa mkono wake, akaweka kola sawa.

"Niache niingie mwenyewe."

Kitanda kilikuwa mbele yetu moja kwa moja. Juu yake amekaa muuguzi kijana, ameinama anajaza fomu. Binti yetu alikuwa pembeni, dirishani, ndani ya gauni la hospitali, ameshikilia pazia, maana naye tangu alfajiri hakuweza kukaa. Alituona, akaanza kutabasamu. Nilikuwa hatua moja nyuma, na nilichelewa.

Mume wangu alikwenda kitandani bila kusita. Akamkumbatia yule muuguzi, akambusu kwenye paji la uso.

"Mwanangu," akasema, "baba amefika. Usiogope tena."

Muuguzi akaganda, kalamu hewani. Binti alimtazama baba yake, kisha akanitazama mimi, na uso wangu haukujua kudanganya. Akaachia pazia. Akaja polepole, mkono mmoja tumboni, akautoa mkono wa baba yake kwenye bega la muuguzi na kuuweka kwenye shavu lake mwenyewe.

"Mimi huku, baba."