Amepumzika

Mke wangu alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na katika ndoa yetu yote sikumwona akimaliza chakula akiwa amekaa. Shuleni alikula kwa kusimama, mwiko mkononi. Nyumbani alikaa, akachukua tonge la kwanza, akakumbuka chumvi. Akarudi, akakumbuka maji. Akarudi, mtoto kamwaga mchuzi. Alipokuja kutulia chakula kimepoa na sisi tunachokonoa meno. Alikuwa akisema, "Siku moja na mimi nitakaa kitini kama bibi harusi, niletewe, na sinyanyuki mpaka nishibe. Hata nyumba ikiungua, mnizunguke."

Ndiyo maana alipokaribia kustaafu, wenzake wa jikoni walichanga wakamnunulia safari ya meli. Si meli ya mizigo, wala ile ya kuvusha watu. Ni zile nyeupe, ndefu kama mtaa mzima, ambazo watu wanapanda kwenda kustarehe tu, wanazungushwa baharini wiki nzima na kurudishwa palepale walipopandia. Tiketi ya watu wawili, yeye na mimi. Picha ya ukumbi wa kulia aliibandika kwenye mlango wa kabati. "Tazama viti hivi, mume wangu," aliniambia. "Vina mikono. Kiti chenye mikono si cha kuinukainuka."

Hakukikalia. Tumbo lilianza kumuuma muhula ule wa mwisho, akamwomba Mwalimu Mkuu ruhusa aende hospitali kubwa. Mwalimu Mkuu akasema, "Mama, vumilia mitihani iishe. Sasa hivi ukiondoka wanafunzi watakula nini?" Basi wanafunzi wakala. Mitihani ikaisha. Daktari wa hospitali kubwa alitazama picha za tumbo, akauliza tulikuwa wapi siku zote hizo. Nikamwambia tulikuwa kwenye mitihani. Siku ya mazishi Mwalimu Mkuu alishika kipaza sauti, kizuri hakikoromi, akasema marehemu alikuwa nguzo ya shule. Nguzo gani hiyo mnayoitazama inaliwa na mchwa huku mnaning'iniza makoti juu yake? Nilitaka kumuuliza. Binti yetu alinishika mkono.

Binti ndiye aliyewaandikia watu wa meli. Wakajibu kwa pole nyingi na maua ya kuchora: tiketi hairudishwi, ila nafasi ya marehemu imefutwa.

"Imefutwa?" nikauliza.

"Ndivyo walivyoandika, baba."

"Kama ubao?"

"Baba, usianze. Nenda wewe. Mama angekununia ukiacha tiketi ioze."

Kununiwa na mke wangu nakujua. Nikaenda.

Mimi ni fundi viatu, shule niliiachia darasa la nne, na sikuwa nimewahi kulala kwenye kitanda nisichokijua. Chumba cha meli kilikuwa kidogo na kisafi mpaka kinakutia hatia. Juu ya kitanda walikuwa wamekunja taulo likawa bata, na bata ananitazama. Sauti ikatoka darini kutuita wageni wetu wapendwa, ikatueleza muziki uko wapi, mchezo wa kuigiza uko wapi, bwawa la kuogelea liko wapi. Nikapanda kuliona bwawa. Watu wanaogelea kwenye maji, juu ya meli, iliyo juu ya maji. Nikasema, kweli mwenye pesa hata bahari haimtoshi. Nikageuka nimwambie mwenzangu, kumbe niko peke yangu.

Jioni nikaenda kula. Ukumbi ulikuwa uleule wa kwenye kabati: taa za kuning'inia, vitambaa vyeupe, viti vyenye mikono. Mhudumu, mtu mzima mwenye mvi za pembeni, alinipeleka kwenye meza ya watu wanne. Wawili walikuwa wamekaa tayari, mzee mnene aliyekuwa muuza nyama na mkewe. Na sahani zilikuwa nne. Waliomfuta mke wangu kwenye kompyuta yao hawakukumbuka kuwaambia watandika meza. Kiti chake kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, namna ile ya kumkaribisha mtu.

"Karibu, kaka!" mke wa muuza nyama alisema kabla sijakaa. "Usiogope hizo uma. Mimi mwenyewe nilipoziona, uma tatu, visu viwili kwa mtu mmoja, nikajua leo napasuliwa."

"Maisha yangu yote nakata ng'ombe kwa shoka," mumewe akasema, akiinua kisu kimoja kwa vidole viwili. "Leo napewa hiki. Hiki hata kuku atacheka."

"Na wifi yangu yuko wapi?" mama yule akauliza, akikipigapiga kile kiti kwa kiganja.

Supu ilikuwa inawekwa mezani. Watu wamevaa wamependeza, wanacheka. Mtu hatupi msiba katikati ya sahani za watu. Mama yangu hakujua a wala be, lakini hilo alinifundisha. Kwa hiyo nikasema kama inavyosemwa na watu wenye adabu.

"Amepumzika."

"Masikini! Ni bahari hiyo. Mimi mchana huu nimetapika mpaka nikamkumbuka mama mkwe."

"Muache alale," mumewe akasema. "Usingizi ndiyo dawa."

Nikafungua mdomo nirekebishe. Lakini mhudumu alikuwa ameshainama sikioni mwangu. "Mama nitampelekea chakula chumbani, mzee. Asilale na njaa."

Sijui nilipatwa na nini. Tangu tumzike, watu walikuwa wameniuliza kila kitu: jiwe la kaburi, nguo zake nani achukue, kitanda nitauza au la. Hakuna aliyeniuliza mke wangu atakula nini.

"Hapendi pilipili," nikasema.

Chakula kikaja kwenye trei, kimefunikwa na mfuniko unaong'aa. Nikakiweka upande wake wa kitanda, nikakaa upande wangu. Nikafunua, mvuke ukapanda. Nikamuachia. Kilipopoa nikakila mimi, maana chakula hakitupwi, na wa kwanza kunigombeza angekuwa yeye.

Kesho yake mke wa muuza nyama akanidaka hata kitambaa sijatandika mapajani. "Hajambo leo?"

"Yuko vilevile."

"Samaki alimwonaje?"

Hapo ningeweza kusema. Nilikuwa na nafasi pana kama uwanja wa mpira. Badala yake nikamfikiria mke wangu na samaki yule, nikajua kabisa angesema nini. "Anasema wamemkausha. Anasema samaki ukimsahau motoni naye anakusahau mdomoni."

Muuza nyama alicheka mpaka akakohoa. Mhudumu naye akacheka, akaondoka na neno lile hadi jikoni. Siku iliyofuata akarudi ameweka mkono kifuani. "Mpishi mkuu anamsalimu mama. Anasema wa leo amemwangalia asimuache. Amjaribu, halafu atume neno."

Alikuwa laini, yule samaki. Nilimla taratibu, nimeinamia trei, nikatuma neno: sasa amejua.

Basi ikawa hivyo. Mchana nilizunguka meli nikitazama viatu vya watu. Jioni nilikaa pembeni ya kiti kitupu na kusimulia. Niliwaambia jinsi anavyoonja mchuzi kwenye kiganja, asitumie kijiko. Jinsi anavyoimba wimbo mmoja na kuukosea mahali palepale. Mke wa muuza nyama aligeuka kunisuta, "Kaka, mwanamke kama huyo unamfungia ndani? Mlete tumuone, au unaogopa tutakuibia?" Mumewe akasema anachoogopa ni kwamba wifi atakuja na kusema ukweli kuhusu mimi. Nikacheka nao. Nilicheka, wallahi, na kile kicheko kilinichoma kikishuka. Sikuwa nimesema uongo hata mmoja. Lakini ukweli nilikuwa nao mfukoni kama sarafu mbovu, siwezi kuitumia na siwezi kuitupa.

Ile jioni ya karamu ya nahodha, watu wote walivaa. Mimi nilivaa koti la harusi ya binti yetu. Mke wa muuza nyama alikuwa amechuma ua kutoka kwenye chombo cha mapambo, kwa wizi, akaliweka kwenye sahani ya wifi yake. "Mpelekee. Mwambie kesho asipokuja namfuata na kumbeba mgongoni."

Ndipo akaja mkuu wa ukumbi. Kijana wa tai, viatu vinang'aa juu, kisigino kimelika upande wa ndani. Viatu vya wanaotembea kwa kunyata hulika hivyo.

"Mzee, samahani. Tunaweza kuzungumza pembeni?"

"Zungumza hapa. Nakula."

Akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti, lakini sauti ya mkubwa hata ikishushwa inasikika. "Ni kuhusu chakula kinachopelekwa chumbani kwako. Tuna utaratibu, mgonjwa akikaa ndani siku kadhaa daktari wa meli anajulishwa. Daktari ameangalia kwenye kompyuta. Chumba chako kina mtu mmoja. Nafasi ya pili ilifutwa kabla ya safari. Sasa, mzee wangu, hivi vyakula vimekuwa vikienda kwa nani?"

Kwenye meza za jirani uma zikasimama hewani.

"Wewe bwana," muuza nyama akasema, uso umemwiva, "unamwita mwenzetu mwizi wa supu?"

"Sijasema mwizi. Nasema utaratibu..."

"Utaratibu wa mama yako! Mtu ana mkewe anaumwa!" Mkewe naye akasimama, akanishika bega, akanitikisa kwa mapenzi. "Kaka, usibishane nao. Nenda ukamwamshe wifi. Aje hapa, hata na kanga ya kulalia, aje awaumbue! Nenda, kaka. Unangoja nini?"

Nikatazama ua lililokuwa kwenye sahani yake.

"Hawezi kuja," nikasema.

"Kwa nini asiweze?"

"Niliwaambia tangu siku ya kwanza. Amepumzika."

Mhudumu ndiye aliyeelewa kwanza. Alikuwa ameshika jagi la maji. Akaliweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Halafu mke wa muuza nyama. Mkono wake ulikuwa juu ya mkono wa kile kiti, akauondoa haraka, akaushika kwa mkono mwingine. Mumewe alitazama kisu chake kidogo.

Mkuu wa ukumbi ndiye aliyepata maneno, wakubwa hawakosi. "Pole sana, mzee. Lakini ungesema tu kwamba amefariki, tungekuelewa."

"Watu walikuwa wanakula," nikamjibu.

"Ndiyo, lakini..."

"Na ninyi mlijua. Aliyemfuta alijua alichokuwa anafuta. Mimi nilimpumzisha. Ninyi mmemfuta. Mwalimu Mkuu wake alimwambia avumilie, ninyi mkamfuta, na sasa unakuja kuniuliza mimi chakula kimekwenda wapi?"

Alikunja mikono mbele, akainamisha kichwa jinsi walivyofundishwa. "Pole. Tutarekebisha."

Nilidhani ni neno la kuondokea tu. Kumbe alimaanisha.

Jioni iliyofuata ilikuwa ya mwisho, kesho yake tunashuka. Nilikaribia kubaki chumbani, nikaona nitakuwa nimekubali wizi. Nikaenda. Kutoka mlangoni nikaona meza yetu imepungua. Sahani tatu. Kitambaa kimenyooshwa. Pale palipokuwa na kiti kulikuwa na zulia tu, na zulia lilikuwa na alama nne za miguu yake.

Muuza nyama alisimama kunipa mkono, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Mkewe alisema, "Pole, kaka," kisha akasema, "Mungu amlaze marehemu," na kwa kusema hivyo akamchukua. Hakumwita wifi tena. Hatukutaniana. Tulikula kama watu waliokutana kituoni.

Mhudumu alipokuja na supu nikamuuliza kiti kiko wapi.

Alijifanya anafuta tone lisilokuwepo. "Amri ya mkuu, baba. Ameona kingekuumiza."

"Nani kamuuliza? Kirudishe."

"Kimeshakaliwa. Meza ile ya nyuma yako wameongezeka mtu."

Nikageuka. Viti vyote vya ukumbi ule vinafanana, lakini kile nilikijua. Mkono wake wa kulia ulikuwa na mkwaruzo, nilikuwa nimeupapasa kila jioni nikisimulia. Kimekaliwa na mama mmoja mnene, wa umri wa mke wangu hivi, mabega yameshuka kwa uchovu wa maisha. Wanawe na wajukuu wamemzunguka. Kila alipoinua macho kutafuta kitu, kilikuwa kimeshaletwa. Mjukuu akamwaga juisi. Mama yule akashtuka, akashika mikono yote miwili ya kiti ainuke, na mhudumu wetu akamkimbilia na kitambaa. "Kaa, mama. Kaa tu, nafuta mimi."

Akarudi kukaa. Akala samaki, akala nyama, akala kitu cheupe cha baridi kwenye kikombe cha kioo. Supu yangu ilipoa mbele yangu. Muuza nyama aliniita, "Fundi," akaniita tena. Sikugeuka. Mama yule alifuta mdomo, akaegemea nyuma, akaweka mikono yake juu ya mikono ya kiti, mmoja juu ya ule mkwaruzo.

Hakuinuka hata mara moja. Nilimtazama mpaka akashiba.