Kitufe cha Salama

Mbunifu alikuwa na mswaki mdomoni wakati simu yake, aliyoiegemeza kwenye kioo cha bafuni, ilipowaka taa ndogo ya kijani. Maana yake ilikuwa kwamba mama yake, aliyeishi peke yake katika mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, ameamka na amebonyeza kitufe. Mbunifu akatema povu, akasukutua, akavaa, akaenda kazini na moyo mweupe. Ndivyo zilivyoanza asubuhi zake zote.

Kitufe hicho alikibuni mwenyewe. Kampuni yao ilitengeneza vifaa vya kuwasaidia wazee wasipotezane na watoto wao, na yeye alipewa kazi ya kutafuta kifaa ambacho mzee hahitaji kufundishwa. Hakuwa mvivu. Alizunguka nyumba hadi nyumba na kinasa sauti, akawaamkia wazee kwa heshima zote, akawauliza wameamkaje. Wote walijibu salama. Bibi aliyevunjika mkono alijibu salama. Mzee ambaye wanawe walikuwa wamehama bila kumwambia walikohamia, naye alijibu salama. Mbunifu akarudi ofisini na furaha ya mtu aliyeokota pete barabarani. Wazee wote wana neno moja, alisema. Neno moja, kitufe kimoja.

Sasa, yeyote aliyelelewa akaleleka anajua kwamba salama ni kubisha hodi tu. Muulize mtu ameamkaje, atakwambia salama hata kama amelala macho kwa maumivu, maana hiyo ndiyo adabu. Kisha atanyamaza kidogo, atashusha pumzi, atasema, "Ila..." Hapo ndipo habari zenyewe zinapoanza. Mbunifu alilijua hilo tangu utotoni kama alivyolijua jina lake. Lakini kinasa sauti chake kilikuwa na betri mbovu, wazee wa kuwatembelea walikuwa wengi, na yeye alikuwa akikizima mara tu akishalipata jibu.

Mwanzoni kifaa kilikuwa na vitufe vinne na kipaza sauti. Vikapunguzwa kimoja kimoja mkutanoni, na kila kimoja kilipoondoka, bosi alisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kikabaki kimoja, kikubwa kama kisahani cha kikombe cha chai, laini, ambacho hata asiyeona vizuri angekipapasa akakipata. Sauti nayo iliondolewa, kwa sababu sauti huleta maswali.

Cha kwanza alimpelekea mama yake. Alikiweka mezani kando ya kitanda, akamwelekeza, akachukua ile simu ya mama ya zamani iliyofutika namba, akaitoa betri na kuitia mkobani.

"Usije ukachanganyikiwa, mama," alisema. "Hiki kinatosha."

"Sasa nikitaka kukueleza kitu?"

"Unabonyeza tu. Nitajua uko salama."

Mama akakitazama kile kifaa, akakipangusa vumbi ambalo halikuwapo. "Haya, mwanangu. Kizuri. Ila..."

Lakini basi lilikuwa linapiga honi barabarani, na mbunifu alikuwa ameshashika begi. Akamshika mama mkono, akasema atarudi mwisho wa mwezi, akatoka mbio.

Tone la kwanza lilimwangukia sebuleni kwake katikati ya kiangazi. Aliishi ghorofa ya tano, na juu yake kulikuwa na ghorofa nyingine tatu zenye watu wanaojiheshimu. Alimwita fundi bomba. Fundi akapanda ngazi yake, akagonga dari, akakinga tone kwa kidole na kulionja.

"Haya si ya bomba," alisema. "Ni maji ya mvua yaliyopita kwenye bati lenye kutu."

"Mvua ya wapi, fundi? Nje kukavu."

"Sikusema mvua ya hapa." Fundi akashuka, akakunja ngazi. "Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, dada. Hapa panavuja nyumba nyingine. Mimi siwezi kuziba paa la mbali nikiwa huku."

Akaomba maji ya kunywa, akanywa, akaenda zake. Mbunifu akasogeza kochi na kuweka ndoo. Hakuhitaji kuambiwa ni paa gani. Alilala chini yake utoto wake wote, na matone yalikuwa yakianguka pale pale, upande wa miguuni wa kitanda cha mama. Alikusudia kwenda mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukafika na kazi zake, ukapita, na mwingine ukaja nyuma yake.

Baada ya ndoo likaja goti. Lilikuwa goti la mtu mzima sana, likambana akipanda ngazi na kumwachia akikaa. Kisha kikohozi kikavu kikahamia kabatini, kati ya nguo zake za kazini, kikawa kinaanza kila alipofungua mlango kutafuta blauzi. Alikizoea. Ilifika mahali akawa anasema, "Pole, mama," bila kugeuka, huku akifunga vifungo.

Pale ofisini hakuwa peke yake. Mhasibu, ambaye baba yake naye alikuwa amepelekewa kifaa, alifungua droo yake siku moja akakuta imejaa giza. Lilikuwa giza la macho ya baba yake, na tangu siku hiyo akawa anatafuta kalamu zake kwa kupapasa. Hakulalamika. Alinunua kikopo, akaziweka kalamu juu ya meza.

Jambo lilipozidi, likaletwa mkutanoni, baada ya ajenda ya viti vipya.

"Ni zile ila zao," alisema mhasibu. "Hazina kitufe, basi zinapita zinapopajua."

"Tungerudisha kipaza sauti," alisema mbunifu. "Mzee abonyeze, aseme salama yake, halafu tumwache aendelee."

Bosi alikuwa mtu mpole, asiyepandisha sauti hata kwa dereva. Alikuna kidevu. "Wazo zuri. Ila zikishafunguliwa, nani atakaa kuzisikiliza?"

Kila mtu akawa na shughuli na kikombe chake. Mbunifu alikuwa na jibu, tena fupi: sisi, watoto wao. Likamfika kooni. Akaikumbuka ile ndoo aliyokuwa akiimwaga asubuhi na jioni bila kwenda hata mara moja kulitazama bati lenyewe, akaona haya, akalimeza. Suala likapelekwa toleo la pili, ambako mambo ya ofisi ile yalikwenda kupumzika.

Alhamisi moja, baada ya chakula cha mchana, simu ya mbunifu iliwaka kijani juu ya meza. Mama hakuwa na kawaida ya kubonyeza mchana. Ikawaka tena. Ikawaka mara nyingi mfululizo, ikapumzika, ikaanza upya, hivyo hivyo mpaka watu wakaanza kufunga mabegi yao.

"Mama leo ana raha zake," alisema mbunifu, akamwonyesha mhasibu.

Mhasibu akainama karibu, akacheka. "Mwache acheze. Uzee nao una utoto wake."

Wakacheka wote wawili. Mbunifu alirudi nyumbani akiwa na furaha asiyoijua chanzo chake, akanunua maua njiani.

Kesho yake ndoo ilikuwa kavu. Goti lilikuwa lake mwenyewe, jepesi, akapanda ngazi za ofisi mbili mbili. Kabatini kulikuwa na nguo tu. Alidhani kuna jirani mwema aliyelipanda lile paa na kuliziba, na dawa ya kifua imepatikana, akamshukuru Mungu na kulala usingizi wa pono. Na taa nayo ikawa ya ajabu kwa uaminifu wake. Zamani mama alikuwa akichelewa siku nyingine, akisahau siku nyingine. Sasa taa iliwaka alfajiri bila kukosa, mapema kuliko kifaa cha mzee mwingine yeyote.

Bosi akaonyesha jambo hilo ukutani mbele ya kampuni nzima. "Huyu ndiye tuliyemtengenezea," alisema. "Huyu tumpige picha. Tumweke kwenye maboksi."

Ile safari iliyoshindikana mwisho wa miezi yote ikawezekana palepale, na gari la ofisi juu yake, na mpiga picha na taa zake kwenye kiti cha nyuma.

Walifika saa za alasiri. Jirani wa mama, mwanamke mshona nguo, alikuwa barazani kwake na cherehani, akipinda mkono wa gauni. Alipomwona mbunifu aliondoa mguu kwenye kanyagio.

"Shikamoo, mama," alisema mbunifu.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja." Akakata uzi kwa meno. "Pole sana. Tumeshamzika. Tulikungoja siku mbili, tukaona tusimtese."

Mpiga picha akavua kofia. Mbunifu alisimama na mkoba wake begani.

"Mbona hamkuniambia?"

"Namba yako ilikuwa kwenye simu yake, na simu uliondoka nayo. Tukasema basi, kipo kile kidude. Nilikibonyeza mimi, mwanangu, kuanzia alipokata roho. Nilipochoka akabonyeza mume wangu. Mchana kutwa. Tulidhani huko kwako kinalia."

"Kiliwaka," alisema mbunifu.

"Ah. Basi kilifika," alisema mshonaji, na alionekana kupata faraja. Akarudisha mguu kwenye kanyagio. "Yumo ndani, lakini. Hajaacha. Kila alfajiri namsikia anajikokota kwenda mezani. Nilimwambia dada, pumzika sasa, kazi umeimaliza. Akaniambia mtoto atapata wasiwasi asipoiona taa."

Mama alikuwa amekaa kitandani, upande mkavu, amevaa gauni alilozikwa nalo. Kufa kulikuwa hakujambadilisha sana, ila alikuwa amekaa wima kuliko zamani, goti limenyooka. Juu ya upande wa miguuni wa kitanda tundu la bati lilikuwa pale pale, na kupitia hapo kilionekana kipande cha mbingu. Mpiga picha alilitazama, akasema litamsaidia kwa mwanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Mbunifu akakaa. Akauliza alichokuwa amewauliza wazee wa nyumba zote zile. "Umeamkaje?"

"Salama," alisema mama.

Mbunifu akangoja. Hakushika begi, hakutazama mlango. Angekaa hapo mpaka giza liingie, angekaa wiki, angesikia habari za bati, za goti, za kikohozi, za jirani aliyeazima ungo asiurudishe, zote, mwanzo hadi mwisho na tena mwanzo. Alimtazama mama kifuani, akingoja ile pumzi ishuke. Haikushuka. Kifua hakikuwa na pumzi ya kushusha.

"Na goti?" aliuliza.

"Halina neno."

"Na hilo paa?"

"Halinisumbui."

"Siku ile nilipoleta kifaa," alisema mbunifu, "ulisema kizuri, ila. Halafu nikakimbilia basi. Ulitaka kuniambia nini, mama?"

Mama alifikiri, kwa upole wa mtu anayeulizwa njia za mji aliouhama zamani. "Nimesahau, mwanangu," alisema. "Halikuwa jambo kubwa."

Hapo mbunifu akalia, kilio cha mtoto mdogo, kichwa chake kwenye mapaja yasiyo na joto. Mama akampapasa nywele mpaka akatulia. Kisha mpiga picha akaomba radhi, akasema jua linakwenda, na mama, ambaye hakupenda kumchelewesha mgeni, akasogea mezani na kubonyeza.

Picha ilitoka vizuri. Kulikuwa na meza, ukingo wa kitanda na kitufe kinachong'aa. Mama hakutokea. Bosi alisema afadhali, kifaa kinaonekana bila kuzibwa, na picha ikachapwa kwenye maboksi yote. Toleo la pili lilitoka kabla ya mvua. Lilikuwa na kitufe kimoja, kikubwa zaidi kidogo.

Mbunifu hakuiondoa ndoo sebuleni. Mvua zilipoanza alikuwa akiinama kuitazama kila arudipo kazini, na kila siku ilikuwa kavu, na vumbi kidogo chini. Asubuhi, kabla ya kuvaa, alifungua kabati, akatia kichwa kati ya nguo zake za kazini na kuuliza kwa sauti ya chini, "Ila?"

Alisubiri kama mtu mwenye nafasi. Nguo zilining'inia zilivyoning'inizwa. Huko bafuni, kwenye kioo, taa ya kijani ikawaka.