Unaziba Bango

Kichwa cha cherehani ni kizito, na Fundi alikuwa amekibeba kikapuni kutoka nyumbani hadi ofisi ya kupambana na rushwa. Tangu kibanda chake kifungwe alikuwa akitembea nacho, akishona popote alipoitwa. Alikalia benchi la mapokezi kuanzia saa mbili asubuhi, huku vijana wa suti wakipita mbio na mabunda ya vipeperushi vyenye picha ya Mkurugenzi wao. Mkurugenzi alikuwa anagombea uenyekiti wa chombo cha kimataifa cha kupinga hongo, na mabalozi wa nchi zinazopiga kura walialikwa alasiri hiyo kula, kunywa na kubembelezwa. Miezi saba Fundi alikuwa akija hapa na kuambiwa njoo kesho. Leo ameitwa kwa simu.

"Karibu, mama yangu," alisema afisa wa malalamiko, akamvutia kiti kwa mara ya kwanza. "Chai?"

"Nashukuru, mwanangu. Nataka kusikia habari za kibanda."

"Kibanda kipo, hakina miguu." Akacheka peke yake. "Tatizo ni faili. Mabalozi watauliza malalamiko mangapi hayajamalizwa. Limebaki moja tu, lako."

Moja! Kwenye benchi lile Fundi alikuwa amezoeana na watu wasiopungua ishirini.

"Msimamizi wa soko alitaka kitu kidogo, nikakataa, akanifungia. Mmemhoji?"

"Tutamhoji. Kwanza tulifunge, uchaguzi ukipita tunalifungua upya." Alisukuma karatasi mezani. "Hapa, kwamba umeridhika. Mkurugenzi akishinda, nani atathubutu kukugusa?"

Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki tatu. Sare za shule ndizo zilizomlisha mwaka mzima, yeye na wajukuu wawili walioachwa na binti yake. Akatia saini. Mpiga picha akaingia, akamwambia acheke kidogo, naye akacheka. Hakuigiza. Aliamini, maskini, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote.

Mkurugenzi alishinda. Redio zilishangilia siku mbili. Fundi aliporudi ofisini, afisa wa malalamiko alikuwa ameshapanda ndege na bosi wake, na aliyekalia kiti chake hata hakuinua uso.

"Faili lako linasema umeridhika, mama. Sasa unalalamikia nini?"

Zikiwa zimebaki siku nne shule zifunguliwe, alibeba cherehani yake hadi sokoni, akaiweka mbele ya mlango wa kibanda chake. Kufuli lilikuwa lilelile. Juu yake lilikuwa limebandikwa bango kubwa, na kwenye bango alikuwa yeye mwenyewe, anacheka, na maandishi mekundu: NILISIKILIZWA.

Mteja wa kwanza alikuwa bado anakunjua kitambaa cha sare msimamizi wa soko alipotokea.

"Mama Fundi! Siku hizi wewe mtu mkubwa."

"Nifungulie, baba. Nakuomba."

"Hayo si yameshaisha? Hebu sogea hapo."

"Nisogee niende wapi?"

"Popote. Wakubwa wanapita leo na wageni wao, na wewe unaziba bango."

Mteja akakunja kitambaa chake, akaondoka bila kuaga. Fundi alirudisha kichwa cha cherehani kikapuni. Msimamizi alitoa leso, akafuta vumbi kwenye uso wa bango, kwenye meno hasa, akarudi nyuma hatua mbili kutazama kama limekaa sawa.