Fedha Mbichi

"Usiguse hela hiyo," mweka hazina aliniambia, jicho lake kwenye mkoba wangu wa ushuru.

Mimi nilikuwa mkusanya ushuru wa soko, na mdomo wangu hauna breki. Ila siku hiyo nilianza kwa kubembeleza. Nje ya dirisha, gari la wagonjwa la halmashauri lilikuwa limesimama, tangi kavu. Ndani yake alilala wifi yangu, mke wa kaka, uchungu umemshika tangu jana na mtoto amekaa vibaya. Mkunga alishanawa mikono: apelekwe hospitali kubwa, tena haraka.

"Mzee, ni mafuta tu."

"Mafuta ni ya ruzuku, na ruzuku haijaja. Hiyo uliyoshika ni fedha mbichi. Iende benki, ipande serikali kuu, tuombe kibali, ndipo irudi."

"Irudi lini?"

"Tuliyoomba mwaka jana bado."

"Sasa hii halmashauri ni ya nini? Sokoni natukanwa mimi, hela ni ya watu wetu, halafu dumu la mafuta mpaka tupige magoti?"

"Dada, mkaguzi hasikilizi hadithi. Mwenzako wa stendi alimlipa fundi wa choo kwa fedha mbichi. Yuko wapi leo?"

Nilijua. Anashinda kijiweni. Nami nina watoto watatu, baba yao alishatukimbia, na mshahara ule ndio uliotuweka mjini.

Kule nje wifi akalia, sauti imeanza kukauka. Niliogopa, tena sana. Nikafungua mkoba.

Mweka hazina akageukia ukuta. "Mimi sijaona," akasema.

Nikampa dereva noti. "Jaza. Maji nimeshayavulia nguo."

Wifi alipasuliwa, akatoka mzima, na binti yake mzima. Barua ya kunifukuza aliiandika yuleyule ambaye hakuona.

Siku hizi nauza nyanya sokoni palepale, ushuru nalipa kama wengine, na kutukana natukana mimi. Juzi mweka hazina alisimama mezani kwangu, akashusha sauti.

"Ile ruzuku ya mafuta imeingia."

Nikamwonyesha chini ya meza. Binti wa wifi alikuwa anatambaa, nyanya mkononi.

"Mwambie huyo," nikasema. "Ndiye aliyekuwa anaisubiri."