Alama za Karimu, Juu ya Ishirini

Kila Jumapili saa nne asubuhi napanda ghorofa mbili hadi kwa Maman Riziki, navua viatu mlangoni, napewa chai ya tangawizi, kisha nasoma takwimu. Mwanawe Karimu anacheza mpira wa kikapu wa kulipwa Ufaransa, daraja la pili, katika mji mdogo ulio mwendo wa saa tatu kwa basi kutoka kwetu Evere, hapa Brussels. Baada ya kila mechi, ligi huweka karatasi ya takwimu mtandaoni. Macho ya Maman Riziki hayaziwezi tena herufi za simu, kwa hiyo mimi, jirani wa chini, ndiye msomaji wake.

Jumapili iliyopita nilikuwa ndiyo kwanza nimetamka "douze", yaani kumi na mbili, na yeye ameshashika kalamu nyekundu, ufunguo ukazunguka mlangoni. Karimu mwenyewe akaingia na begi begani, ameinamisha kichwa ili asiugonge mlango.

"Salama, Maman. Salama, Tasnim. Nani amepata douze?"

"Wewe," alisema mama yake. "Kaa, kwanza nimalize kuandika."

"Mimi? Mimi nilipata moins deux."

Hasi mbili. Nikaitazama chai yangu kana kwamba kuna kitu kimezama ndani.

Hapa lazima nieleze. Karatasi ile ina safu nyingi: dakika, pointi, mipira uliyodaka, mipira uliyopoteza, faulo. Hizo zote Maman Riziki huziacha zipite. Anachongoja ni safu ya mwisho, iitwayo évaluation, inayojumlisha mema yote ya mchezaji na kutoa makosa yake. Maman Riziki alifundisha darasa la tatu Bujumbura kwa miaka ishirini na mmoja, na kwake namba yenye jina hilo ni alama juu ya ishirini, yaani kati ya ishirini, kama ya mtihani. Ana rejista. Na ana sheria, aliyomtangazia mwanawe msimu ulipoanza: wastani ukishuka chini ya kumi, anaacha mpira na kurudi Brussels kuosha madirisha ya maofisi pamoja na Tonton Burhani, mjomba wake. Tonton alifurahi sana. Alisema kijana wa mita mbili atawapunguzia ngazi.

Mwezi wa kumi Karimu alipata tatu. Niliposoma, Maman Riziki alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa, akaivua tena. Wiki iliyofuata alipata nne, nami nikasikia mdomo wangu ukisema kumi na moja. Tangu siku hiyo sijawahi kusoma chini ya kumi.

"Moins deux!" Maman Riziki alisema. "Moins deux inatoka wapi? Mutoto akilala mu examen, minamupa zéro. Sasa huyu wa moins deux alifanya nini? Alimupiga mwalimu?"

"Maman, nilicheza dakika kumi na moja. Nilirusha mara sita, ikaingia moja. Nilipoteza mipira miwili. Ndiyo ile."

"Na unasema bila haya!"

Karimu aliivuta rejista. Alipitisha kidole chake kirefu juu ya safu ya alama nyekundu, polepole, na nyusi zake zikapanda.

"Huyu Karimu ni muntu mukali sana," alisema. "Ningependa kumujua. Angalia, tarehe nane mwezi wa pili, quatorze, kumi na nne. Siku ile sikucheza, Maman. Kifundo kilikuwa kimevimba, nilikaa kwenye benchi na koti."

"Ulipata quatorze ukiwa umekaa?"

"Inaonekana nilikaa vizuri."

Wote wawili wakanigeukia. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida, kwamba namba nyingine nilizisoma vibaya kidogo.

"Ya kweli ni ngapi? Moyenne, wastani wa mwaka mzima?" Maman Riziki aliuliza.

Karimu akakohoa. "Sept virgule trois."

Saba nukta tatu. Maman Riziki akafunga kalamu, akanyoosha mkono kuchukua simu. "Bon. Nampigia Burhani. Kesho asubuhi uko ku madirisha."

"Maman, haiko juu ya vingt!"

"Kila kitu kiko juu ya vingt."

"Mkataba wangu wanataka kuurefusha mwaka moja! Nimekuja kukuambia ile!"

"Watarefusha mutu wa sept? Basi wale nao hawakusoma."

Uso wa Karimu ulibadilika. Mzaha wote ulimtoka, na kwa mara ya kwanza nikamwona akiwa mfupi. Simu ilikuwa tayari inaita kwa Tonton Burhani.

"Maman Riziki," nikasema, "darasa zima lilipata ngapi?"

Akasimamisha simu hewani. Hakuna mwalimu anayeweza kulipita swali hilo.

Nilifungua ukurasa wa timu. Wastani wa évaluation ya timu nzima kwa mechi ulikuwa sabini na moja. Wachezaji kumi. Safari hii nilisoma namba ilivyo, kisha nikampa simu Karimu ahakikishe. Maman Riziki akagawa kwa kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya jibu.

"Sept virgule un," alinong'ona. "Darasa zima limeanguka!" Akaigonga rejista kwa ncha ya kalamu. "Na mutoto wangu ana sept virgule trois."

"Ndiyo, Maman."

"Donc amewapita."

"Kwa mbili nyuma ya nukta," Karimu alisema.

"Kupita ni kupita! Darasa lote likianguka, mwalimu ndiye mubaya. Kocha wenu huyo alisomea wapi?" Katika simu Tonton Burhani alikuwa akiita aló, aló. "Burhani, tafuta ngazi, Karimu haji," akamwambia, akakata, akamgeukia mwanawe. "Utarudi kule. Lakini utajitahidi."

Karimu akashusha begi hatimaye, akakaa sakafuni, miguu yake ikafika karibu na mlango wa jikoni. Nilidhani imekwisha. Nikaanza kuinuka taratibu.

"Wewe Tasnim, kaa. Mwaka mzima unanidanganya. Juu ya nini?"

"Sikutaka uhuzunike, Maman."

"Hiyo ni nusu ya jibu."

Alikuwa na sauti ya darasa la tatu, na mimi nikawa na miaka minane. Karimu naye alikuwa ananitazama, kichwa upande.

"Kama angeanguka, angerudi hapa," nikasema. "Na kila Jumapili, kabla sijafungua simu, nilikuwa naomba aanguke. Kisha nikaona aibu kwa kuomba hivyo, nikamwongezea."

"Uliomba nianguke?" Karimu aliuliza. "Mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea." Nikainua macho kutoka kwenye kikombe. "Nilitaka urudi, Karimu. Mimi ndiye niliyetaka urudi."