Picha Inayovuja

Kila mvua iliponyesha, Kobe aliteremsha godoro lake kutoka kitanda cha juu, akaweka beseni mahali pake, kisha akakaa sakafuni kuitazama dari ya bweni. Jina hilo alipewa kwa mwendo wake wa kuchora: wenzake wakimaliza picha nzima, yeye bado anachanganya rangi ya kwanza.

"Unaangalia nini, wewe? Doa ni doa," alisema jirani yake wa kitanda cha chini, ambaye naye hulowa, ila kwa zamu ya pili.

"Si doa tu. Pembeni lina zambarau. Katikati ni kama chai ya hapa, maziwa yamepita mbali."

Mkuu wa shule alipotaka picha ya bweni ya kutundika ofisini, wageni waione, kazi ikamwangukia Kobe. Alifurahi mno. Mkuu akiiona dari ilivyo, alijiambia, ataleta fundi, na godoro litakauka. Akachora alichokiona, hata tone lililokuwa likisitasita kuanguka.

Tone hilo la pichani likaanguka ofisini siku ya wageni, nje jua linawaka, juu ya kipara cha mkuu. La pili likafuata. Mgeni rasmi alisogeza kiti, akaendelea kuisifu nidhamu ya shule.

"Nani kachora hii?" mkuu aliuliza, akijifuta.

"Mimi, mwalimu."

"Umejitahidi. Lakini inavuja."

"Ndivyo ilivyo, mwalimu. Na godoro langu..."

"Nimekuelewa, binti. Kesho fundi anakuja."

Kobe alirudi bwenini akirukaruka.

Fundi alikuja kweli, na ngazi, misumari na bati jipya. Aliingia ofisini, akaikagua picha, akagonga fremu, akatikisa kichwa kama daktari. Kisha akaiezeka, kwa mwinamo mzuri, na mfereji mdogo wa kupeleka maji dirishani. Ofisi ikakauka.

"Bati limebaki?" Kobe alimuuliza.

"Hata kipande, mwanangu."

Jioni mvua ikanyesha. Beseni likapanda kitandani, Kobe akashuka. Doa lilikuwa limeota sikio la kijani. Alilitazama mpaka likawa zuri.

"Nipe brashi yangu," alimwambia jirani.

"Unachora tena? Ofisini si pameshaezekwa?"

"Sebuleni kwa mkuu bado," alisema Kobe, akaanza kuchanganya zambarau, taratibu.