Kijana wa Baba na Mama Walio Hai

Baba yangu mdogo, Sextus Orfidius, mkuu wa mji wa Sabellum kwa mwaka ule, alikuwa mcha miungu. Alisali kabla ya kula, kabla ya kuoga na kabla ya kumdhulumu mtu. Nasema hivi kwa heshima zote zinazomstahili, nazo hazijazi kiganja.

Siku nne kabla ya sikukuu ya chemchemi alikuja shuleni kwetu, akanikuta uani nimejifunika kitambaa cha meza kichwani, nikiwaigizia wenzangu kuhani mkuu anayeumwa na tumbo. Tulikuwa wavulana tisa, tukilala bwenini kwa Mwalimu Zosimus, Mgiriki aliyewahi kuwa mtumwa, ambaye sasa alikuwa akitulipizia sisi kila fimbo aliyopata kupigwa.

"Vua hilo tambara, Numerius," baba mdogo alisema. "Nimekuja na habari za baba yako."

Nikalivua upesi. Baba yangu, Titus Orfidius, alikuwa ameondoka na jeshi kwenda mto Danubi miaka mitatu nyuma, na tangu barua yake ya mwisho ulikuwa umepita mwaka na nusu.

"Amekufa. Nimempata mtu aliyemwona akizama mtoni."

"Mtu gani?"

"Askari mstaafu. Siku hizi anauza vitunguu Kapua."

"Na huyo muuza vitunguu, baba mdogo, alimtambuaje baba yangu ndani ya maji?"

"Alimwona kabla hajaingia majini, mjinga wewe."

"Basi alimwona akiwa hai."

Akanizaba kofi. Lilikuwa kofi la mtu aliyezoea, lisilo na hasira, kama mpishi anavyokanda unga.

"Sikiliza vizuri, maana sitarudia," alisema. "Sikukuu ikipita, kesho yake baraza linakiandika kifo chake. Wewe bado mtoto, kwa hiyo kisheria mlezi wako ni mimi. Shamba la mizeituni na kinu chake vinakuja mkononi mwangu. Mama yako anarudi kwao. Na wewe unatoka hapa unapofundishwa kubwabwaja, unakuja kunikamulia zeituni."

"Mama anajua?"

"Mama yako nimemwambia avae nguo za msiba. Kanifungia mlango."

Hilo lilinifurahisha kwa muda mfupi tu. Shamba lile mama alilishika peke yake miaka mitatu, akapogoa miti kwa mikono yake na kugombana na kila mkamuaji aliyedhani mwanamke hajui mafuta mazuri. Yote hayo yalikuwa yamesimama juu ya jambo moja: kwamba Titus Orfidius hajaandikwa marehemu.

Nilimwendea Mwalimu Zosimus. Nilimkuta anakula jibini na hakunikaribisha.

"Mwalimu, baba yangu hajafa."

"Unao ushahidi?"

"Sina."

"Basi una maoni," alisema. "Wewe Mrumi gani usiyewajua Warumi? Sheria yenu haiulizi kweli ni ipi. Inauliza nani alisema, alisemea wapi, na nani alisikia. Baba yako mdogo ana mtu mmoja anayenuka vitunguu. Wewe huna hata huyo. Nenda ukalale."

Sikulala mpaka nimemwamsha Fadius, mwana wa mwoka mikate, aliyelala kitanda cha pili kutoka changu. Fadius ndiye aliyekuwa amechaguliwa kushika kijaluba cha ubani madhabahuni siku ya sikukuu. Kazi hiyo hapewi kila mtu. Ni lazima awe mvulana aliyezaliwa huru, na baba yake na mama yake wote wawili wawe hai. Ukimweka yatima, ibada yote imeharibika na fahali mwingine atafutwe. Tangu homa ya kiangazi kile, mji mzima ulikuwa umebakiwa na wavulana wachache wa namna hiyo.

"Fadius, unaitaka kweli kazi ile?"

"Siitaki. Namwogopa fahali."

"Fahali si atachinjwa? Wewe utabaki."

"Nitabaki na baba yako mdogo, mwenye ibada. Huyo namwogopa zaidi."

Tukapatana. Yeye angechukua hotuba yangu ya zoezi la shule, ya kumshauri Hannibal avuke au asivuke milima, iliyokuwa tayari na yenye machozi mahali panapofaa. Mimi ningechukua kijaluba.

Siku ya sikukuu watu walijaa uwanjani tangu asubuhi, kila mwanamke na ndoo yake. Kwa miaka sita mafundi walikuwa wamejenga matao ya mfereji kutoka mlimani hadi kwetu, na sasa maji yalikuwa yamezuiliwa nyuma ya lango dogo la mbao, hatua chache kutoka kwenye madhabahu. Wa kulifungua alikuwa mkaguzi wa maji kutoka Roma, Caesennius, mtu mwembamba mwenye uso wa kuchoka, ambaye alikuwa amekwisha kusema mara tatu kwamba saa sita lazima awe njiani. Ibada ikiisha salama, anafungua. Ikiharibika, anakwenda zake na maji yanangoja hadi masika.

Nilitokea nyuma ya hekalu, nimevaa taji la majani, nywele zimepakwa mafuta, kijaluba mikononi, na uso mtakatifu kuliko wa sanamu. Baba mdogo alikuwa amekwisha kujifunika joho lake kichwani, kama inavyompasa anayesali, ili macho yake yasije yakakutana na ndege mbaya au mtu kiwete. Hakuona chochote ila jiwe la madhabahu. Kuhani Vettulenus alikuwa na miaka themanini na alisoma kitabu kwa kukipapasa.

Matarishi wa baba mdogo, waliosimama kando yake, waliniona. Mmoja wao, jitu la misuli lililonijua tangu utotoni, alifungua mdomo. Wakati huohuo mpiga mbiu akapaza sauti: "Zuieni ndimi zenu." Zumari ikaanza. Tarishi akaufunga mdomo wake polepole, kama mtu anayemeza mfupa. Kuanzia hapo neno lolote la kando lingeiua ibada, na mwenye kulisema angemlipia fahali mwingine yeye mwenyewe.

Basi mji mzima ulinitazama na mji mzima ulinyamaza. Sijawahi kupata hadhira nzuri vile. Walikuwepo wajumbe wote wa baraza, waliojua vizuri ni jambo gani lilikuwa mbele yao kesho yake. Mjumbe mmoja alikuwa amebadilika rangi akawa kama figili. Mama yangu, Helvia, alikuwa amesimama karibu na ngazi katika nguo yake ya kila siku. Aliponiona hakutabasamu.

Kuhani alisoma mstari, baba mdogo akaufuata neno kwa neno kwa ile sauti yake ya kuombea kura. Aliiita miungu ya chemchemi. Akautaja mji na watu wake. Kisha kuhani akasoma, naye akarudia, kwa nguvu, ili na walio nyuma wasikie:

"Kwa mikono ya kijana huyu, ambaye baba yake na mama yake wote wawili wako hai."

Akageuka kuchukua ubani, akaniona.

Nilikinyanyua kijaluba kidogo, kwa unyenyekevu. Zumari iliendelea kulia. Jicho lake moja likaanza kuchezacheza. Alimtazama fahali aliyevikwa maua, akamtazama mkaguzi, ambaye alikuwa akilitazama jua, akazitazama zile ndoo. Kusema "huyu siye" kulikuwa ni kuyarudisha maji mlimani mbele ya watu wale wote. Nilisikia akipumua kwa pua.

Akachovya vidole, akatupa ubani motoni.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Fahali alianguka bila ukorofi, maini yake yalipokaguliwa yakawa mazuri, kuhani akatangaza kwamba miungu imepokea, na mkaguzi akapiga nyundo kwenye kabari ya lango. Maji yakaja na kishindo, machafu kwanza, kisha meupe. Watu wakakimbilia bomba. Baba mdogo akanishika sikio.

"Nitakuvunja," alisema. "Leo nimekuacha kwa ajili ya maji. Kesho nakuandika yatima, kesho kutwa nakufunga kwenye kinu badala ya punda."

"Kesho utamwambia nani, baba mdogo? Umeshaiambia miungu."

"Miungu haikai barazani."

Mama alikuwa amefika. Nyuma yake alikuja Mwalimu Zosimus, kwa mwendo wa mtu anayejifanya kupita tu.

"Bwana mkaguzi," mama aliita, kwa sauti iliyofundishwa na miaka mitatu ya wakamuaji. "Umeyasikia maneno ya ibada?"

"Kila neno, mama. Ni kazi yangu."

"Kijana aliyeshika ubani ni mwanangu. Na huyu shemeji yangu kesho anataka baraza limwandike mume wangu marehemu."

Mkaguzi alimtazama baba mdogo kama anavyotazama bomba lenye ufa.

"Orfidius, ni kweli?"

"Ni mambo ya ukoo, bwana. Mtoto huyu ni mhuni, amejipenyeza."

"Sikuuliza tabia yake. Kama ndugu yako amekufa, ibada imeharibika. Nafunga lango sasa hivi, mnanunua fahali, mimi narudi masika. Kama yu hai, ibada ni safi na mimi naondoka. Chagua upesi, nyumbu wangu wamesimama juani."

Watu walikuwa wamenyamaza tena, ingawa safari hii hakuna aliyewaamuru. Mwanamke mmoja mwenye ndoo kichwani akasema, "Sextus, mimi nimeshajaza. Usije ukaniambia nimwage."

"Na kura yangu aisahau," mwanamume nyuma yake akaongeza.

"Yu hai," baba mdogo alisema.

"Mwandishi wangu hajasikia," mkaguzi akasema.

"Ndugu yangu Titus yu hai."

Likaandikwa, na tarehe, na majina ya mashahidi sita. Mwalimu Zosimus aliomba jina lake litangulie.

Nilidhani mambo yameisha, nikaanza kutunga jinsi nitakavyoyasimulia bwenini. Lakini kuna desturi kwamba mwenye ibada humpa kijana wa ubani fungu lake la nyama kwa mkono wake mwenyewe. Baba mdogo alinikatia kipande mbele ya wazee, akanisogezea karibu sana, akasema kwa sauti ya chini:

"Kula, mtoto wa maiti."

Nikala. Nilimwomba aniongezee chumvi, ila sauti yangu haikutoka kama nilivyoipanga.

Mama alinivuta pembeni. Nilingoja sifa.

"Kabla ya kufanya ulilofanya," alisema, "ulifikiri kama kweli amekufa?"

"Muuza vitunguu ni mwongo, mama."

"Sikukuuliza habari za muuza vitunguu. Kama Titus amekufa, leo ametumika yatima madhabahuni, na haya maji watu wote hawa wanayoyaweka midomoni ni maji ya laana. Watoto wadogo. Mama yake Fadius ana mimba. Ulifikiri?"

Nilianza kuhesabu hoja kwa vidole. Mwaka mzima nilikuwa nimefundishwa kuwa na la kusema.

"Shamba umeliokoa," alisema. "Hilo nakushukuru. Sasa twende."

Alinipeleka hadi bombani, akaomba kikombe cha mtu, akakijaza.

"Kunywa wewe kwanza."

Nikanywa. Maji yalikuwa baridi na yalikuwa na ladha ya chokaa mpya. Mama alinitazama usoni muda mrefu, kama alivyokuwa akinitazama nilipopata homa. Halafu akajaza tena akanywa na yeye, hadi mwisho, akajifuta mdomo kwa mkono.

Pale ngazini mtumishi alimletea baba mdogo kikombe cha fedha, maji ya kwanza ya mkuu wa mji, na wajumbe wakamngojea ili nao wanywe. Alikiinua. Nikawa namtazama, kwa sababu nilitaka kuona uso wa mtu aliyeshindwa. Aliyaangalia maji yale kitambo. Kisha akajifanya kukohoa, akamwaga chote nyuma ya nguzo.

Mtu haogopi laana ya uongo aliotunga mwenyewe. Kama kile kifo kingekuwa hadithi yake tu, angekunywa.

Nikamshika mama mkono, nikamgeuza upande wa barabara ya shambani, nikaanza kumsimulia kwa sauti kubwa jinsi tarishi alivyomeza maneno yake, ili asigeuke nyuma.